Nani Aoge Kwanza

Nyumbani kwetu watu wote tunaoga maji mamoja. Kila mtu anajisugua kwanza kwa sabuni, anajisuuza, ndipo anaingia kwenye hodhi la maji ya moto akiwa safi. Akitoka, anaingia mwingine. Na wa kwanza kuingia ni mwenye nyumba.

Kwetu mwenye nyumba ni mume wangu, Mzee Tokuji. Kila jioni akishakula huenda kwa jirani kucheza bao la vijiwe vyeusi na vyeupe. Anarudi saa tatu na nusu, anaingia kwenye maji ya digrii arobaini na tatu, anatoka mwekundu kama kamba wa kuchemshwa.

"Maji yasiyouma si maji," husema.

Anayemfuata ni mwanetu Kiyotaka. Yeye hutoka majini saa nne usiku, moja kwa moja mpaka kwenye godoro. Hana budi, kwa sababu anaendesha basi la kwanza la asubuhi. Saa kumi alfajiri yuko macho.

Lakini majira ya baridi ya mwaka ule, usingizi ulimkataa. Mkewe, Namie, alinieleza tukimenya figili jikoni.

"Mama, anatupa blanketi. Anafungua dirisha, na nje kuna theluji. Nikimuuliza ana nini, anasema anaungua."

Siku moja basi lilisimama kwenye taa nyekundu. Taa ikawa kijani, basi halikuondoka. Kiyotaka alikuwa amesinzia juu ya usukani. Mama mmoja mwenye kikapu ndiye aliyemgusa bega.

Msimamizi wake akamwita.

"Kiyotaka, miaka kumi na minne hujagonga hata paka," alimwambia. "Lakini siwezi kukupa abiria hivi. Wiki tatu utaosha mabasi. Halafu mkaguzi atapanda nawe. Ukisinzia, ndiyo basi tena, utabaki na ndoo yako."

Jioni ile Kiyotaka hakugusa wali wake.

"Mama," akaniambia, "mimi najua kazi moja tu."

Kesho yake jioni alikuja Bi Hatsuko, muuguzi wa mtaa wetu, kumpima mzee presha. Nikammiminia chai. Nami kwa vitendawili sijambo, nikamtegea kimoja.

"Kitendawili."

"Tega, bibi."

"Nikimwita anakimbia. Nikimsahau anakuja."

"Usingizi," akajibu pale pale. "Nani humu ndani anauita?"

Nikamwonyesha Kiyotaka kwa kidevu. Bi Hatsuko akaweka kikombe chini.

"Unaoga saa ngapi, kaka?"

"Nikitoka tu majini, nalala."

"Maji moto kiasi gani?"

"Kama ya Baba. Moto sana. Nataka yanichoshe nilale."

"Hayakuchoshi hayo, yanakuamsha," alisema Bi Hatsuko. "Sikiliza. Mwili ukitaka kulala, unapoa kidogo kwa ndani. Maji ya moto wa kiasi yanaita damu ije kwenye ngozi, kwenye mikono na miguu. Ukitoka, joto linatoka nje kupitia hapo. Mwili unapoa polepole, na usingizi unakuja. Lakini unataka muda. Wewe unatoka kwenye jungu na kujifunika blanketi. Utapoa saa ngapi?"

"Sasa nifanyeje?"

"Digrii arobaini, zisizidi. Kaa dakika kumi, au kumi na tano. Uwe umetoka muda wa saa moja na nusu kabla ya kulala. Kama unalala saa nne, ingia saa mbili na robo."

Saa mbili na robo mzee yuko kwenye bao lake, na kabla yake haingii mtu.

"Haiwezekani," mzee akasema. "Baba yangu aliingia wa kwanza. Babu yangu aliingia wa kwanza."

"Na wewe, mzee," Bi Hatsuko akamgeukia, "kwa presha hii na maji yale, iko siku utazimia humo humo. Arobaini ni yako pia. Na ukinywa pombe, usiingie kabisa."

"Arobaini ni maji ya kuoshea mchele."

Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Baba Kiyotaka, baba yako aliingia wa kwanza kwa sababu alishinda kwenye tope la mpunga. Wewe leo umeshinda wapi?"

"Nimeshinda nikifikiria bao."

Namie aliinama kuficha kicheko. Mzee hakucheka. Alichukua koti lake akatoka.

Jioni ya pili alivaa viatu mlangoni, akasema huku ametupa mgongo:

"Kiyotaka aingie saa mbili na robo. Asinisubiri. Nami nitaoga hayo hayo ya arobaini. Ila mtu asiniulize kama nimeyapenda."

Usiku wa kwanza Kiyotaka hakulala. Wa pili, vile vile. Alitaka kuacha, lakini Bi Hatsuko alikuwa ameshatuambia: usiku mmoja hautoshi, ajaribu wiki mbili, ikishindikana aende kwa daktari. Basi tukaendelea. Akitoka majini, tulipunguza taa. Namie aliiacha simu ya mumewe jikoni.

Usiku wa sita Namie akanijia mbio kwa ncha za vidole.

"Mama, njoo usikilize."

Tukasimama nje ya mlango wa chumba chao, wa mbao na karatasi. Mwanangu alikuwa anakoroma kama trekta. Tulishikana mikono pale gizani, tukacheka bila sauti.

Siku ya mkaguzi, mimi na mzee tulipanda basi lile kama abiria wengine. Mkaguzi alikaa nyuma ya dereva na karatasi zake. Barabara ilikuwa na barafu. Kwenye mteremko wa shule, baiskeli ikachomoka kichochoroni. Kiyotaka alikuwa ameshaiona. Akashika breki taratibu, wala hakuna mfuko ulioanguka. Vituo ishirini na sita alivitaja kimoja kimoja, sauti safi, macho maangavu.

Kituo cha mwisho mkaguzi akakunja karatasi zake.

"Kesho, basi la kwanza," alisema, akashuka.

Mzee Tokuji akanyanyuka. Alipofika mlangoni, mbele ya abiria wote, akamwinamia mwanawe kwa heshima. Sikuwahi kuliona hilo maishani mwangu.

"Ahsante kwa safari, dereva."

Kiyotaka akavua kofia, akainama chini zaidi. Kisha akatazama saa.

"Shuka, Baba. Nyuma yako kuna watu."