Jino la Kulia

Asubuhi ile jirani aliuliza, "Umeamkaje, mwanangu?" na mama akadakia kama kawaida yake, "Ameamka salama, ila jino linamsumbua." Binti akainamisha kichwa.

Mdogo wake, aliyekuwa akisugua viatu mlangoni, akacheka. "Chuo kikuu nani atakusemea, dada? Redio Mbovu wewe, huna sauti!"

Hasira zikampanda binti, akazimeza. Alikuwa akizimeza tangu utotoni, na zilibaki wiki mbili tu aende chuoni, mbali, peke yake.

Kwa daktari wa meno aliketi kitini, taa ikimmulika usoni, mama kasimama kando. Daktari, mwanamke wa makamo, akachungulia kinywani.

"Yametoboka mawili, kulia na kushoto. Moja nitaliziba, lile linalouma nitaling'oa. Ni lipi?"

"La kushoto," mama akajibu. "Tukila namwona anashika shavu hili." Akagusa shavu lake la kushoto.

Mezani mama hukaa akimkabili binti. Kushoto kwake ni kulia kwa mwenzake!

Binti alitaka kusema. Akashika tu mikono ya kiti. Daktari akachukua sindano ya ganzi.

"Ana haya huyu, daktari," mama akaongeza. "Hasemi, we fanya tu."

Hapo binti akausukuma mkono wa daktari. "La kulia! Mama, hata maumivu yangu unayajua wewe?"

"Unanifokea mbele za watu? Mimi niliyekuzaa?"

"Unasema wewe, nang'olewa mimi!"

Daktari akaitua sindano kwa kishindo. "Basi! Mama, nilimuuliza yeye, sikukuuliza wewe. Na mimi nimekosea kwa kukusikiliza. Lakini wewe, binti, ulikuwa unangoja nini? Ungerudi nyumbani na pengo, na maumivu yako palepale. Upole si kosa. Ila linalokuuma liseme mwenyewe, tena mapema, kabla halijageuka kelele. Huko uendako hakuna atakayekusemea."

Mama akanuna. Jino la kulia likang'olewa.

Kwenye dirisha la dawa, mhudumu akauliza, "Kuna dawa inayomdhuru mgonjwa?"

Mama akafungua kinywa. Binti akamkazia macho. Mama akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Hakuna," binti akasema, pamba shavuni.

"Sikusikii!" mhudumu akasema.

"HAKUNA!"

Foleni nzima ikageuka. Binti hakuinamisha kichwa. Nyuma ya kiganja, mama alikuwa akicheka.