Pini Kwenye Miguu ya Majirani

Kila asubuhi nikifungua duka, kitu cha kwanza ni kuwasha treni ndogo ya mezani.

Inazunguka mara moja tu. Inatoka Gulwe, inapita darajani, inaingia stesheni ya Dodoma, inasimama. Ndivyo Mzee Sila alivyotaka, na mimi niliendelea hivyohivyo hata baada ya kumzika.

Asubuhi ile treni ilitoka Gulwe vizuri. Ikapita daraja. Ikaingia stesheni...

Hapakuwa na mtu!

Nikafuta kioo cha meza kwa kiganja. Fundi viatu hayupo. Muuza karanga hayupo. Mtaa mzima mtupu!

Waliobaki walikuwa wawili tu, ndani ya kiduka kidogo pale mezani. Mzee Sila mwenyewe...

Na mimi.

Ngoja niwaeleze mnielewe. Naitwa Dorkasi. Nina diploma ya uchoraji wa majengo, na sauti yangu ni ndogo kiasi kwamba nikisema shikamoo watu huuliza nimesemaje. Mzee Sila aliniajiri hivyohivyo.

"Gundi haihitaji kelele, mjukuu wangu," aliniambia.

Duka lake hapa mtaani Majengo lilikuwa la treni ndogo, ndege na magari ya kuunganisha kwa gundi. Wanafunzi wa ujenzi walikuja kutengenezewa mifano ya majengo yao. Jumamosi walikuja watumishi wa serikali wa kule Mtumba na watoto wao.

Lakini kilichompendesha kwa watu ni ile meza ya katikati. Alitengeneza mtaa wetu wote, na sisi tukiwemo! Akikuzoea, siku moja unajikuta umesimama pale, mfupi kama njiti ya kiberiti, na kanga yako ileile. Hakumwuza mtu hata mmoja. Watu walileta wageni wao: "Mimi huyo hapo! Tazama tumbo!"

Sasa wote wameondoka.

Nikiwa bado nimeganda, nikasikia mayowe nje.

"Mamaaa! Nimekwisha!"

Alikuwa Paulina, fundi cherehani. Amesimama mlangoni kwake, mkononi ameshika sanamu yake mwenyewe ya pale mezani. Miguuni imechomoza pini.

"Ndiyo maana goti linaniuma tangu msiba! Nimechomwa pini!"

"Na mimi nimejikuta kizingitini!" akapiga kelele muuza karanga. "Pini hiyo hapo!"

Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Kila mtu na sanamu yake. Kila sanamu na pini yake.

"Alitufunga miguu yule mzee!"

"Na sasa amekufa, nani atatufungua?"

Watu hawa hawa, nyie! Walilia makaburini mpaka wengine wakashikwa mikono. Leo anaitwa mchawi.

Mara Abeli, dereva wa bodaboda, akatokea na dumu la petroli.

"Tusipoteze muda. Kitu cha kichawi dawa yake moto."

Kesho yake Yotham, mtoto wa Mzee Sila, alikuwa anakuja na ndugu kutoka Gulwe kumaliza msiba. Angekuta nini? Majivu, na baba yake jina lake mchawi. Jina la namna hiyo halitoki kwenye ukoo. Wajukuu wangeolewa nalo!

Nikasimama mlangoni.

"Msichome..." nilisema.

"Unasemaje wewe?"

"Msichome. Pini ni ya kusimamishia. Mguu ni mwembamba, bila pini sanamu inaanguka. Mimi mwenyewe nilimsaidia kuzichomeka..."

Nyie, hapo ndipo nilipojichongea.

"Kumbe na wewe ulikuwepo!" Paulina akanisukuma, akaingia ndani. Akatazama meza. Akatoka macho yamemtoka. "Njooni muone! Wote tumetolewa, yeye kabaki! Yeye na mzee wake!"

Wote wakanigeukia.

"Dorkasi," Abeli akasema taratibu, "ufunguo wa duka anao nani?"

"Mimi."

"Mwingine?"

Hapohapo nilijua.

Ufunguo unalala nyumbani, juu ya friji. Na nyumbani tunaishi wawili tu. Mimi na mama mdogo Evarista, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki.

Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake cha chakula, upande wa pili wa barabara. Mwiko mkononi. Ananitazama, na macho yake yanasema: nyamaza.

"Mwingine nani?" Abeli akauliza tena.

"Hakuna."

"Basi ni wewe. Mzee kakurithisha!"

"Mkalisheni chini!" mtu akasema.

Mkono ukanikamata kwa nyuma. Kanga ikanidondoka. Petroli ikamwagwa kizingitini, ikaruka mpaka miguuni kwangu. Ilikuwa ya baridi, jamani. Sitaisahau ile baridi.

Nikafumba macho. Na ile sauti yangu ndogo, sijui nguvu ilizitoa wapi...

"MAMA MDOGO! UTANIANGALIA MPAKA WANICHOME?"

Mwiko ukaanguka.

"Mwacheni mtoto!" Akavuka barabara mbio, sendo moja ikabaki njiani. "Mwacheni! Ni mimi! Niliingia alfajiri, nikawatoa mimi, nikawaweka milangoni kwenu mimi! Mzee wa watu hana kosa!"

Abeli akashusha dumu.

"Mama Evarista... kwa nini sasa?"

"Nilikuwa natafuta."

"Unatafuta nini?"

"Najitafuta mimi! Nilichomoa mmoja mmoja nikitazama sura. Muuza karanga yupo. Paulina yupo. Abeli, hata mbwa wako yupo! Mbwa! Mimi sipo. Miaka yote nimempikia, mimi sipo. Nikasema basi, kama sipo mimi, asiwepo mtu."

"Na Dorkasi mbona ulimwacha?"

"Ningemtupaje mwanangu?"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Abeli akatazama dumu lake kama vile kalibeba mtu mwingine.

"Nilikuwa nachoma duka la watu kwa ajili ya wivu wa sanamu..." akanong'ona. Akaenda kutafuta mchanga wa kumwaga pale kizingitini.

Hakuna aliyeniomba msamaha siku ile. Ila Paulina aliingia dukani kimyakimya, akajichomeka mwenyewe mbele ya cherehani yake. Wengine wakafuata. Yotham alipofika na ndugu zake walikuta mtaa umejaa, na treni inazunguka.

Mtaniuliza kwa nini Mzee Sila hakumweka mama mdogo. Sijui. Nimetafuta kwenye droo zote, sijaona hata sura iliyoanzwa. Hakuwahi kuniambia, na sasa hana wa kuulizwa.

Ninachojua ni hiki. Mtu anaweza kupendwa na mtaa mzima, na ikatosha asubuhi moja ya hasira kumgeuza mchawi, kwa sababu tu kuna mtu mmoja aliyemeza neno likamchachia moyoni. Mwenzangu unayesoma hapa, kama kuna unayempenda, mwambie akiwa na masikio ya kukusikia. Usisubiri akisie.

Jioni ya siku ileile, kabla Yotham hajafika, nilimkuta mama mdogo amekaa peke yake mbele ya ile meza. Nikakaa chini karibu na miguu yake. Bado nilikuwa nanuka petroli.

"Mama mdogo, umekasirikia sanamu tu?"

Alimtazama yule Mzee Sila mdogo ndani ya kiduka.

"Kila siku mchana nilivuka barabara na sahani," akasema. "Namwambia, Mzee Sila, karibu ugali wa uwele, leo kuna mlenda. Anasema asante, mama. Narudi zangu."

Akagusa kioo kwa kidole.

"Sikuwa nakuletea mlenda, Sila. Nilikuwa nakuambia unioe."