Wimbo wa Loserian

Kila asubuhi Naeku alikamua ng'ombe, naye mumewe Loserian aliwafungulia zizi. Mwaka 1975 walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa, Handeni. Kazi zilikuwa zilezile, ila nyumba yao ilikuwa kimya.

Loserian alikuwa amepatwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulilegea. Kwa miezi minne hakusema neno. Naeku akimwuliza, "Utakula?" alijibu "ta, ta," kisha akainamisha kichwa.

Lakini zizini aliimba! Aliwaimbia ng'ombe wimbo wao wa zamani, maneno yote yametimia. Jambo hilo lilimchoma sana Naeku. Alitamani kusikia jina lake kwenye sauti ile, hata mara moja tu. Mwishowe alifunga mzigo arudi kwa baba yake.

Alipita zahanati kumuaga muuguzi, Lea, mtu wa Lutindi.

"Naeku, mzigo wa nini?" aliuliza Lea.

"Mume wangu amenichoka. Ng'ombe anawaimbia, mimi ananinunia."

"Hakununii. Ubongo wake umeumia. Umewahi kupasua kichwa cha mbuzi?"

"Mara nyingi. Ubongo una mikunjo na pande mbili. Nyuma, chini, kuna sehemu ndogo."

"Basi wa mtu unafanana na huo, ila ni mkubwa zaidi. Upande wa kushoto huongoza mkono wa kulia. Kwa watu wengi, upande huohuo ndio unaotunga maneno ya kusema. Hapo damu ilikosa kufika."

"Mbona anatembea vizuri?"

"Ile sehemu ndogo ya nyuma hutunza mizani ya mwili. Yake ni nzima, na panapoongoza mguu hapakuumia. Mbele yake kuna shina linaloshuka kwenye uti wa mgongo. Hilo hutufanya tupumue hata tukilala. Kisogoni ndiko ubongo unakotambua tunachoona."

"Na wimbo?"

"Wimbo hutegemea sana upande wa kulia. Wake haukuguswa."

Naeku aliweka mzigo chini. "Kwa hiyo ananijua?"

"Anakujua sana. Neno ndilo halitoki. Mwimbie maneno mafupi, polepole, huku akigonga paja kwa mkono wa kushoto. Mlete pia nimpime presha. Na ukimwona mtu uso umepinda ghafla, mkono umelegea au ulimi umekuwa mzito, usingoje. Apelekwe hospitali saa ileile."

Naeku alirudi nyumbani. Kila siku waliimba, "Ma-ji. Chu-mvi." Majirani walicheka, naye akawaacha wacheke. Wiki ya tatu Loserian aliimba "maji". Jina la Naeku halikuja. Alilisubiri mpaka akachoka kusubiri.

Asubuhi moja aliinuka kwenda kukamua. Loserian aligonga paja, mara mbili, tatu. Jasho likamtoka.

"Nae-ku," aliimba. "Nae-ku, ka-a."

Naeku alikaa chini palepale, akalia. Ng'ombe walipiga kelele zizini, lakini siku hiyo walingoja.