Diski Waliyosema Imekufa

Mume wangu alikuwa kwenye skrini, anazima kihisi cha usalama cha mashine iliyomuua mdogo wangu.

Sikupiga kelele. Nikairudisha picha nyuma, nikaitazama tena...

Jamani, ngojeni niwaeleze tangu mwanzo, maana hadi leo wapo ndugu wanaodhani nimemsingizia.

Naitwa Hsiu-chin. Natengeneza kompyuta kuukuu hapa mjini Changhua, kibanda changu kiko nyuma ya soko. Mdogo wangu Yen-ting na mume wangu Tseng-hui walifanya kazi kiwanda kimoja cha vyuma. Mume wangu ndiye alikuwa msimamizi wa zamu.

Mwezi wa nne, mashine ya kukandamiza vyuma ilimbana Yen-ting kifuani. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Wakaguzi walipotaka picha za kamera, mume wangu aliichomeka diski ya kamera kwenye kompyuta ya ofisi mbele yao. Windows ikasema haisomeki, ifomatiwe, yaani ifutwe ianze upya.

"Imekufa," akawaambia.

Wakaandika hivyo hivyo. Ripoti ikasema marehemu alikuwa mzembe. Mama alisomewa maneno hayo mbele ya picha ya mwanawe, ubani unawaka.

Wiki tatu baadaye, mchana, Tseng-hui akaja kibandani, akaiweka ile diski mezani.

"Kiwandani wameitupa. Labda itakufaa kwa vipuri."

"Si ulisema imekufa?"

"Ndivyo kompyuta ilivyosema."

"Mbona hunitazami?"

"Nimechoka, Hsiu-chin. Acha nirudi kazini."

Akaondoka.

Sasa sikieni. Mashine nyingi za kamera huhifadhi picha kwa mtindo wa Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, na Windows haiujui mtindo huo. Kompyuta ikisema haisomi, haimaanishi hakuna kitu.

Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ya Linux. Haikujifungua yenyewe. Nikaandika amri ya lsblk, orodha ya diski ikatokea, nayo imo, inaitwa sdb1. Nikatengeneza folda tupu, nikaandika mount kuipachika hapo, na nikaongeza ro, yaani isomwe tu, kisiguswe kitu.

Folda za tarehe zikajipanga. Nikafungua ya siku ile.

Kihisi kilikuwa kinasimamisha mashine kila mkono wa Yen-ting ulipokaribia, kazi inachelewa. Tseng-hui akaja, akatazama saa, akafungua kisanduku cha swichi, akakizima. Yen-ting akamuuliza kitu. Akampigapiga begani, akaenda zake.

Dakika kumi na moja baadaye...

Sitaelezea.

Tseng-hui akaingia mbio. Hakwenda kwa Yen-ting. Alikwenda kwenye kisanduku, akawasha kihisi kwanza. Ndipo akatoka kuita watu.

Yen-ting alikuwa bado anapunga mkono.

Nikanakili kila kitu mara mbili. Nikaandika umount kuipachua, nikachomoa diski, nikampigia simu aje.

Alisimama mlangoni, hakuvuka.

"Umefungua?"

"Nimefungua."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ungeweza kuitupa mtoni," nikamwambia. "Kwa nini umeniletea mimi?"

"Kwa sababu ni wewe tu ungeifungua."

Nikaiweka diski mezani, kati yetu.

"Nilijua haijafa," akasema. "Miaka minane nakuona ukifungua diski za namna hii. Nimejaribu kusema, mdomo unagoma. Mama yako ananipakulia wali, ananiita mwanangu..."

"Alikuwa hai, Tseng-hui."

"Najua."

"Alikuwa anakupungia mkono."

"Najua. Nipeleke polisi."

"Kwanza utamwambia mama."

Alimwambia akiwa amepiga magoti jikoni. Mama alikuwa anamenya vitunguu saumu. Hakulia, hakumgusa. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Alisema nini mwanangu?"

Picha za kamera hazikuwa na sauti. Hilo nisingelijua kamwe.

Tseng-hui akainamisha kichwa. "Aliniita, mama. Alisema, shemeji... shemeji, usiniache."

Mama akaweka kisu chini, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Siku hiyo hiyo nilimpeleka mume wangu polisi kwa pikipiki yangu, diski ikiwa mfukoni. Ripoti ilibadilishwa. Yeye yuko gerezani, na mimi sijamtembelea.

Wasomaji wangu, ukikosea, mkimbilie mtu kwanza. Kosa lako litakusubiri, lakini aliyebanwa hasubiri.

Na mtu akikuambia hakuna kitu, angalia mwenyewe. Ila ujue, ukishaona, huwezi kurudi kutojua.