Mkono Uliokata Kilumi

"Nani amesimamisha ngoma?"

Susu Kalekye, bibi kizee mpiga ngoma, aliuliza akiwa amefumba macho.

Jua lilikuwa linazama Ikutha. Mwongeli alikuwa ndiyo kwanza arudi na petroli ya jenereta, akasimama mlangoni mwa stoo ya ndengu ambayo bendi yao ya roki iliigeuza studio. Alipotoka, ngoma ilikuwa inanguruma. Sasa imenyamaza. Kiganja cha Kisilu, mpiga gitaa, kilikuwa kimekandamiza ngoma ya yule mama mzee, utadhani ni mali ya babake.

"Nimerekodi kidogo, inatosha," Kisilu alisema. "Kompyuta itarudia. Susu, pumzika."

"Kilumi hakikatwi," Mwongeli akasema. "Nilikwambia."

Kila mtoto wa Kitui anajua. Kilumi huita pepo, na kikishaita hakikomi mpaka pepo aseme anachotaka.

"Hapa si mdahalo wa chuo, mheshimiwa," Kisilu akamkejeli.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Maneno anatunga Mwongeli, koo linalokauka ni la Mwongeli, na jina juu ya wimbo ni la Kisilu. Angemjibu, na angemjibu vizuri. Lakini...

Tak. Tak.

Musyimi, kaka yake Mwongeli, alikuwa bado anapiga dramu. Fimbo zilishavunjika. Alikuwa anayapiga matoazi kwa ngumi, na ngozi ya vidole imechanika hadi mfupa. Kinywani mwake, kijana wa kanisa asiyegusa hata sigara, ilitoka harufu ya ugoro.

"Amepandwa," susu akanong'ona. "Asiposema, atajipiga mpaka afe."

"Wacheni sinema." Kisilu akamshika Musyimi bega.

Musyimi akamrusha ukutani. Akanyanyua stendi ya toazi. Pigo la kwanza likashuka begani. La pili gotini. Kisilu akaangukia magunia, na ndengu zikamwagika sakafuni zikiwa nyekundu kwa damu.

Susu akamsukumia Mwongeli ngoma. "Piga, mwanangu. Mikono yangu imekufa ganzi tangu Kisilu aikate."

Mwongeli hakuwahi kupiga kilumi maishani mwake.

Mikono ilijua.

Musyimi akasimama wima. Shingo ikalegea. Akasema polepole, kwa sauti ya bibi kizee:

"Mkono ulionikata."

Akapiga magoti, akaushika mkono wa Kisilu.

"Mwongeli, acha kupiga," Kisilu akalia. "Nitaweka jina lako. Nyimbo zote. Acha, tafadhali."

Mwongeli akamtazama kaka yake, damu ikimchuruzika hadi kwenye viwiko. Akamtazama Kisilu.

Akaongeza kasi.

Kidole cha kwanza kililia kama kuni kavu. Halafu cha pili. Bila haraka, kimoja kimoja, kwa mapigo ya ngoma...

Kisha Musyimi akalala palepale kama mtoto mchanga. Yuko hai, na hakumbuki lolote. Madaktari waliambiwa Kisilu amepata ajali ya pikipiki.

Wiki iliyofuata, Mwongeli alimuuliza susu kama yule pepo ameridhika.

"Pepo akishasema, huwa ameshatoka," susu akajibu, bila kumwangalia. "Yaliyofuata siyajui mimi."

Kisilu siku hizi yuko mji wa Salama, anauza muhogo wa kukaanga kando ya barabara kwa mkono wa kushoto. Kila anayemfahamu Mwongeli, humuuliza jambo moja tu: siku ile, alinisikia nikimwomba aache?

Ukipita pale, akikuuliza, tafadhali mwambie hakusikia.