Sauti ya Mke wa Kwanza

Mimi ndiye yule fundi wa redio za magari ambaye mafundi wenzake wakishindwa humletea mteja kimyakimya, wakijifanya wanapita tu. Shule niliiachia darasa la sita, lakini waya zinanitii kuliko zinavyowatii wenye vyeti. Nasema mapema ili mjue: jioni ile sikukosea kuunganisha kitu.

Jioni ile, hapana.

Jua lilikuwa limeinama, nawaza kufunga nipitie maziwa kwa mama watoto. Likaingia gari jipya la familia, la viti saba. Akashuka mteja wangu wa zamani niliyembandika jina la Manukato, kwa sababu hunukia kabla hajafika. Nyuma yake mke wake mpya, na mabinti wawili wa huyo mama wanagombania kuchungulia droo zangu.

"Fundi, niwekee kitu cha kuwanyamazisha hawa," mama akasema. "Kesho tuna safari ndefu, na dereva ni mimi peke yangu."

"Shemeji, nikishafunga skrini zangu, utawasahau hukohuko nyuma."

"Hawa? Labda uwafunge na midomo!"

Tukacheka. Nikafunga skrini mbili za katuni nyuma ya viti vya mbele, na moja kubwa kwenye dashibodi, ya redio na ramani. Kazi safi, hata waya mmoja huuoni. Kiza kilipoanza kuingia, mama akachukua teksi awahishe watoto kula. Tukabaki wawili.

Manukato akaniinamia sikioni.

"Fundi, kuna nyumba mpya. Nataka kumshtukiza. Ile sehemu ya 'Nyumbani'… niwekee hapa."

Kidole chake kikagusa ramani.

Nikaiweka bisibisi chini.

Miaka miwili nyuma alisimama palepale, akasema maneno yaleyale, kidole kikagusa palepale. Wakati ule alikuwa na mke wa kwanza, mcheshi, na binti wa miaka minne. Mama yule nilimfundisha mwenyewe kurekodi sauti yake kwenye ramani, ili mtoto afurahi. Ikawa gari linasema, "Kateni kulia, wapenzi wangu." Mtoto nyuma anacheka mpaka kwikwi.

Siku Manukato alipolileta gari lile, nilimwambia, "Bosi, hapa ramani inaonyesha maji."

"Ramani ya zamani hiyo. Machimbo yalishafukiwa."

Nikakubali. Sisi mafundi tunajua ramani huchelewa. Barabara inazaliwa, yenyewe bado inaonyesha shamba. Nikabonyeza 'hifadhi'. Siku ya tatu, asubuhi ya ukungu mzito, gari lilivutwa kutoka kwenye maji ya machimbo. Mama na mtoto. Watu wakasema maskini, alipotea njia.

Mimi nikanyamaza. Kidole kilichobonyeza kilikuwa changu.

Sasa hapa tena. Mama mwingine. Watoto wawili.

"Bosi," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "hapo pana maji."

"Ramani ya zamani hiyo," akajibu. Akatabasamu.

Ningemkatalia. Ningepiga kelele mtaa mzima usikie. Lakini mdomo wote huu mnaousikia ulikauka kama jivu. Nikapata neno moja tu la kuvuta muda: "Sitoi kazi bila kuijaribu barabarani."

"Haya, panda. Tuijaribu hukohuko."

Akashika usukani. Nikakaa pembeni yake. Skrini ikawaka… ikakwaruza kidogo… ikanyamaza.

Halafu ikasema:

"Nyoosha moja kwa moja, baba watoto."

Nilimtazama. Alinitazama. Skrini ile niliitoa kwenye boksi kwa mkono wangu, ikiwa na plastiki yake.

"Utani gani huu, fundi?"

"Si mimi, Bosi. Wallahi si mimi."

"Kata kushoto, mpenzi wangu."

Usukani ukakata kushoto. Mikono yake ilikuwa hewani.

Manukato yake yakapotea. Ikaja harufu ya tope, ya majani yaliyooza majini. Nyuma yetu katuni zikawaka zenyewe. Nikasikia kicheko.

Cha mtoto. Mpaka kwikwi.

Sikugeuka. Mimi niliyewahi kulala peke yangu kwenye gari la maiti kwa ubishi tu, sikugeuka. Ila kwenye kioo cha kati niliona dirisha la nyuma lina alama ya kiganja. Kidogo. Kinachuruzika maji.

"Zima!" Manukato alikuwa analia. Anakanyaga breki, breki inazama tu. "Fundi, zima!"

Nikaing'oa. Niliingiza kucha, nikavuta kwa nguvu zangu zote, ikatoka na waya zake. Nikaipakata mapajani, waya zinaning'inia, hazijashika popote.

Ikawaka.

"Zimebaki mita mia tatu."

"Nisamehe, mama watoto…" Manukato akanong'ona. "Nisamehe…"

Gari likapunguza mwendo. Mlango wangu ukafunguka wenyewe. Na sauti ile, kwa upole kabisa, kama mtu anayeaga mgeni:

"Fundi, shuka. Wewe bado."

Nilishuka. Sikumshika mkono, sikumvuta. Nilishuka, gari likaondoka bila taa, na kutoka gizani nikasikia kwa mbali:

"Tumefika, wapenzi wangu."

Hakuna mlio wa maji uliofuata. Asubuhi gari lilikutwa ukingoni mwa machimbo, kavu, vioo juu, milango imefungwa kwa ndani. Yeye amekaa kwenye usukani, mkanda umefungwa. Muuguzi aliyeupokea mwili ni jirani yangu. Aliniambia mapafu yalijaa maji yenye tope. Alinieleza mara mbili, kama vile mimi ndiye nitakayemfafanulia.

Mama yule mpya yu hai, na mabinti zake. Hajui kitu. Nikikutana naye hunisalimia vizuri, nami hutazama viatu.

Ila sijamaliza. Tangu siku ile, kila skrini ninayoiwasha, ya mteja yeyote, 'Nyumbani' imeshahifadhiwa. Ni kwangu. Na inataja umbali. Ya kwanza ilisema kilomita kumi na nane. Ndio umbali kutoka machimboni hadi mlangoni pangu. Wiki iliyofuata, kumi na moja. Halafu nne.

Ndiyo maana nayaandika haya, pengine yule mama wa kwanza atahesabu kuwa nimesema.

Jana ilisema mita sitini. Nimepima kwa hatua kutoka mlangoni: ni pale kwenye duka la maziwa.

Leo sijawasha skrini yoyote. Mama watoto ameniuliza nani amekanyaga barazani na miguu yenye tope.

Nyayo kubwa, anasema. Na nyingine ndogo pembeni yake.