Kioo cha Buluu

Walikutana kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Jumamosi, watu wamejaa pomoni, kila mmoja kashika ncha ya paketi ya mwisho ya msasa laini.

"Samahani, mimi sonara. Bila msasa huu pete za watu hazing'ai."

"Na mimi kazi yangu dhahabu," akasema mtafiti, binti wa gauni la njano. "Ila yangu huioni kwa macho."

"Basi hiyo ni hewa."

Akacheka, wakagawana paketi. Mapenzi yakashika kasi: simu asubuhi, simu jioni, "umekula, mpenzi?" mpaka wenzake binti kule maabara wakachoka kusikiliza.

Binti alikuwa anakandamiza chembe za dhahabu juu ya kioo, ndogo kuliko vumbi. Zikiwa mviringo, kioo huwa chekundu. Mashine ikizibana zikawa bapa, hugeuka buluu. Alihangaika miezi, na hatimaye akapata buluu safi ya kuwaonyesha wakaguzi kesho yake. Akamwita sonara aje aone.

Binti alipotoka na wenzake kufuata chai, sonara akakitazama kioo kwa huruma. Kwao masonara, dhahabu ikishagongwa huwa ngumu na hupasuka, lazima ipite motoni ilegee. Akawasha jiko la maabara, akakiingiza kioo, amsaidie mpenzi wake.

Binti akarudi akakuta kioo chekundu. Joto limezirudisha chembe zote kuwa mviringo.

"Umefanya nini?"

"Nimeilegeza, isije ikapasuka."

"Wewe ni fundi wa hereni tu," akasema, wenzake wote wanasikia. "Nilikuwa najipotezea muda na wewe, ukajiona mtu."

Uongo mtupu, alikuwa anampenda kufa. Sonara akavua koti jeupe la kuazima, akalikunja vizuri, akaenda zake.

Usiku kucha binti akatengeneza kioo kingine, wakaguzi wakakipitisha. Lakini hakusherehekea. Akameza kiburi, akampigia sonara simu.

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ileile."

"Basi rudi. Roho inaniuma."

"Hata mimi inaniuma. Siku ile nilikuja nikuombe tukamwone mama yangu, akujue mkwe wake. Nilivyorudi peke yangu akaniuliza, nikamweleza yote. Alilia."

"Nitakwenda kumwomba radhi."

"Atakupokea vizuri, namjua. Mimi ndiye sitaweza kukaa kati yenu, nikikumbuka machozi yake." Kisha akaaga. "Kazi njema, dada."

Simu ikakatika. Dada! Binti akaketi sakafuni palepale, akalia kama aliyefiwa.